Nyumba ya Mumbere

Siku hizi hakuna anayefungua lile lango la bluu kule Kabondo, Kisangani. Zamani lilikuwa likilia kila alfajiri, na jirani aliyelisikia alijua Kaswera ameamka, naye akajigeuza kitandani akisubiri ufagio. Baada ya ufagio kilifuata kikohozi cha mzee, kisha sauti ya Kaswera ikimwambia baba yake ageukie ukutani apate kumfuta mgongo. Sasa hakuna sauti. Nyasi zimepanda mpaka chini ya dirisha la duka, na waendesha toleka wakichoka huegemeza baiskeli zao ukutani, wakakaa kungoja abiria, wala hakuna wa kuwafukuza.

Nyumba hiyo ilijengwa enzi za Wabelgiji na Mgiriki mmoja aliyekuwa akinunua mpunga. Mgiriki aliondoka katika vurugu, akafia kwao bila kuacha neno. Binti yake, aliyezaliwa na mama wa hapa, alizunguka maofisini na kwa wazee miaka mingi akitafuta wa kushuhudia kwamba baba yake alikuwa baba yake. Alipoipata nyumba hakuwa na hamu nayo tena, akamuuzia Papa Apollinaire, mfanyabiashara Mnande aliyekuja na lori la maharagwe kutoka Butembo.

Papa Apollinaire aliipenda hadithi hiyo kuliko hata nyumba yenyewe. "Mutu anakufa kimya," alikuwa akisema, "batoto banabaki kutafuta mashahidi kama batu ba kesi. Mimi nitasema."

Na alisema kweli. Ila alisema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa jina.

Kaswera alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mama yao alifariki mapema, akamwachia binti huyo na mdogo wake wa kiume, Mumbere, ambaye shuleni waliandika Yannick. Yannick alisomeshwa, akaenda chuo kikuu Bunia, akaoa hukohuko. Kaswera alibaki dukani. Wanaume walikuja kumposa, na mzee hakuwakataa. Alimwangalia tu binti yake, akaangalia magunia, kisha akauliza, "Na duka?" Wakaja wachache, kisha wachache zaidi, na hatimaye aliyekuwa akiingia dukani alitaka maharagwe tu.

Halafu mzee akapooza upande mmoja. Nusu ya ulimi ikafa pamoja na mkono. Kaswera ndiye aliyemwogesha, aliyempondea lituma laini ya ndizi na kumlisha kwa vidole, aliyejifunza kuyaelewa maneno yake yaliyovunjika. Siku aliyokata roho, Kaswera alikuwa jikoni akichemsha maji. Kando ya kitanda walikuwepo wawili: Papa Pierre, jirani na katekista, na Tonton Jean-Paul, mdogo wa marehemu. Mzee aliinua mkono wake mzima, akasema, "Nyumba ni ya Mumbere." Kaswera alipoingia na beseni, macho yalikuwa yameshatulia.

Kwa Wanande jina halichaguliwi hovyo. Mumbere ni mvulana wa kwanza, Kaswera ni msichana wa kwanza, na kila mama huanza hesabu upya kwa watoto wa tumbo lake. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza Mumbere ni nani. Yannick alifika matangani na shati jeupe, akalia kweli, maana alimpenda baba yake kwa mbali. Baada ya maziko akamketisha dada yake, aliyemwita yaya tangu utotoni, barazani.

"Yaya, nyumba hii imezeeka. Kuna mutu wa biashara ya jumla anaitaka."

"Na mimi?"

"Weye utakuja Bunia. Batoto bangu banahitaji mutu mukubwa nyumbani."

Kaswera alikuwa ameshamlea baba. Sasa angewalea wajukuu wake katika nyumba ya mke wa mtu, alale chumba kimoja na masanduku. Aliitaka nyumba hii, na hakuwa na aibu ya kuitaka. Kila bati alilijua linavyolia mvua ikinyesha.

Tumaini alilipata hapohapo matangani, tena la ajabu. Kasongo, dereva aliyekuwa akimpeleka mzee kununua mpunga Banalia, alianza kuropoka alipokwisha kunywa. Alisema mzee alikuwa na mwanamke kule, jina lake Mama Berthe. "Na akiwa kwa ule mama, kinywa chake ni Mumbere, Mumbere, mpaka usiku. Nilisikia na masikio yangu."

Wanawake wakatazamana. Kama kuna mama mwingine, basi kuna tumbo jingine, na kama kuna tumbo jingine basi kuna Mumbere mwingine. Kaswera alilielewa hilo kabla hawajamaliza kunong'ona. Wakiwa Mumbere wawili, neno la mzee litaning'inia kati yao, na nyumba haitauzika. Aliona haya kumwombea baba yake mtoto wa nje, lakini akamwombea.

Akapanda pikipiki kwenda Banalia. Barabara ilikuwa matope. Mara mbili alishuka kusukuma, na alipofika kwa Mama Berthe sketi yake ilikuwa nzito kama gunia lililolowa. Mama Berthe alikuwa uani, mnene, mwenye mvi, akipepeta mchele.

"Mimi ni binti ya Apollinaire," Kaswera alisema.

Ungo ukasimama. "Alors, umekuja kunitukana ao kunipa pole?"

"Sijui bado."

Mama Berthe akacheka mpaka kifua kikatikisika. "Bon. Ikala chini, ule kwanza. Kutukana na njaa ni kazi ngumu."

Wakala. Kisha Kaswera akasema alichofuata. "Ninamutafuta Mumbere."

"Mumbere? Mumbere iko kwenu Kisangani! Unamutafutia huku namna gani?"

"Mumbere wako, mama. Ule ulizaa na papa."

"Mimi?" Mama Berthe alifuta mikono polepole. "Mimi sikuzaa, mwanangu. Mungu alifunga. Mutoto wa dada yangu ndiye nilimulea, Chancelle, na ameshaolewa. Mumbere ni wenu. Sijamuona na macho, lakini ninamujua kuliko majirani. Si ule anabebaka gunia peke yake, hapana kuita batu? Si ule hanyweke chai na sukari?"

Yannick hutia sukari mpaka kijiko kinasimama.

"Nilimuambia mzee," Mama Berthe aliendelea, "nikasema, huyu kijana umutafutie bibi, anazeekea dukani! Machozi yakamutoka, nikaacha. Na siku ile ya mwizi! Mwizi aliingia na kisu, Mumbere akamupiga na muchi wa lituma, akakatwa hapa, juu ya mukono. Mzee alikuwa anasimulia hiyo kama vita."

Kaswera alikunja mkono wa blauzi. Kovu lilikuwa limelala pale, jeupe, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

Mama Berthe alilitazama, akamtazama usoni, akarudi kwenye kovu.

"Eh! Weye?"

"Mimi."

"Lakini weye ni mwanamuke!"

"Ndiyo, mama."

"Mzee huyu!" Mama Berthe alipiga paja. "Miaka yote ninamusalimia kijana!"

Hapo ndipo Kaswera alipokumbuka. Zamani sana, akiwa msichana, alikuwa akipandisha gunia begani, na baba yake akapaza sauti dukani mbele ya wateja: Mumbere wangu huyo! Watu walicheka. Alidhani anamdhihaki kwa mabega yake mapana, akalia nyuma ya magunia, akamwambia, "Papa, usiniite tena jina la mwanaume." Baba yake hakumwita tena. Kumbe hakuliacha jina. Alikuwa akilibeba mpaka Banalia na kulitumia huko, mahali ambapo lisingemuumiza mtu.

Alirudi Kisangani akiwa na Mama Berthe nyuma yake kwenye pikipiki. Kikao cha familia kilifanyika sebuleni, mikeka ya matanga ikiwa bado haijakunjwa. Kaswera alieleza. Mama Berthe akashuhudia, akiwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyempa kiti.

Yannick alicheka kwanza. "Yaya, umeenda Banalia mwanamuke, umerudi mwanaume?" Wengine wakacheka naye, bila ubaya, kama watu waliochoka kulia.

Papa Pierre hakucheka. "Mzee alipolisema lile neno," alisema, "aliangalia mlango wa jikoni. Nilizani anataka maji."

Wote wakamgeukia Tonton Jean-Paul. Alikuwa mtu mwema, mwenye magoti mabovu, na kikao kile kilikuwa kimemchosha kuliko wote.

"Ni kweli alikuwa anamuita hivyo," alisema. "Hata mimi nilisikia, zamani, dukani. Na pengine siku ile alikuwa anamusema yeye. Siwezi kudanganya juu ya marehemu. Lakini sikilizeni. Tukisema leo Mumbere ni Kaswera, kesho kila binti wa ukoo ataleta jina la utani tumupe nyumba. Jina la Mumbere liko na mwenyewe. Nyumba ni ya mwanaume. Kaswera atapewa chumba cha nyuma, mpaka akiolewa."

Kaswera alikuwa amevuka hamsini. Mama Berthe aliguna kwa sauti, na shangazi mmoja akaangalia miguu yake mwenyewe.

Papa Pierre alimfuata uani baadaye. Sheria, alimwambia, haiangalii suruali. Mtoto ni mtoto, na bila saini ya Kaswera, Yannick hawezi kuuza hata mlango. Aende mahakamani. Kaswera alimsikiliza, akamshukuru. Lakini alikuwa amemwona binti wa Mgiriki katika hadithi za baba yake, akizunguka na mashahidi wake mpaka nywele zikageuka rangi.

Yannick alipoleta karatasi ya mauzo, Kaswera aliisukuma pembeni.

"Sitasaini."

"Donc unataka ukae humu peke yako mpaka uzeeke?"

"Sitasaini, na sitakaa."

"Yaya, sasa unataka nini?"

Kile alichokitaka Kaswera kilikuwa kimeshasemwa, mbele ya watu wote, na mdomo uliokuwa na haki ya kukisema: pengine alikuwa anamusema yeye. Alikuwa ametegemea kwamba siku akisikia neno kama hilo kitu kingemlegea kifuani. Hakikulegea. Alihisi tu uchovu wa miguu, na mgongo, na ile miaka yote ya kuamka mapema aliyodhani anamlindia mtu mwingine mali yake. Kama baba yake angemwambia yeye mwenyewe, dukani, hata mara moja baada ya yale machozi, pengine angepigania kila tofali. Sasa nyumba ilionekana kwake kama mgonjwa mwingine wa kuogeshwa, na mikono ilikuwa imegoma.

Asubuhi iliyofuata alifagia ua kwa mazoea, akakunja mikeka, akampelekea Papa Pierre funguo. Yannick alirudi Bunia na karatasi isiyo na saini. Mfanyabiashara wa jumla alinunua kwingine. Tonton Jean-Paul hupita pale siku za misa, hutikisa kufuli, na huendelea na safari yake.

Kaswera yuko Banalia. Anauza maharagwe na samaki wa chumvi karibu na kivuko cha mto Aruwimi, na analala chumba cha mbele nyumbani kwa Mama Berthe.