Siku Niliyoosha Rangi ya Shene

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze habari za shene. Wengine mnasema mnyororo, lakini hapa Likasi tunasema shene, na neno hilo halipumziki. Baiskeli inayoleta makaa hadi soko la Kikula ina shene. Bibi arusi anavaa shene shingoni. Ukichoshwa na televisheni unabadilisha shene. Akina mama wa parokia wakimwombea mgonjwa, kila mmoja anachukua saa yake, akimaliza anamwachia mwenzake. Hiyo ni shene ya maombi. Tukijenga, tunasimama mstari tukipitishiana matofali, na mtu akichelewa kunyoosha mikono anapigiwa kelele: "Shene inakatika kwako!" Neno mnyororo nyumbani kwetu tuliliachia gereza. Babu yangu, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, hakutaka kulisikia mezani.

Mimi nilikulia kwenye shene ya palan. Usiogope jina. Palan ni chombo cha kuinulia mizigo, kinaning'inizwa juu, na kina shene mbili: nyembamba ya kuvuta kwa mikono, na nene ya kubeba mzigo. Ukivuta ile nyembamba, magurudumu ya ndani yanazunguka, na mtu mmoja mwembamba kama mimi anaweza kuinua moteri ambayo wanaume sita hawaisogezi. Bado napenda kuona uso wa mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Baba alitengeneza palan maisha yake yote, kwanza kwa waajiri, kisha katika atelie, karakana yake mwenyewe, chini ya mabati, uani kwetu Kikula. Aliniingiza kazini nilipomaliza shule ya ufundi. Majirani walicheka: msichana na chuma! Mmoja, mama muuza samaki wakavu, aliniuliza kila asubuhi: "Mama, leo tena unaenda kuvaa mafuta?" Nikamjibu: "Mafuta njo manukato yangu, mama!" Baada ya mwaka mmoja aliniita nimtengenezee mlango wake uliokwama.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Shene nene ina pete nyingi, na kila pete lazima uishike. Unaiosha kwa petroli mpaka chuma kionekane, kisha unapitisha kitambaa cha pamba kilichochakaa. Pete nzima inakiacha kipite. Pete yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, inanyakua uzi. Baba alikuwa na sheria nyingine: shene iliyokataliwa haitoki uani ikiwa nzima. Inakatwa vipande vitatu mbele ya mwenyewe, maana ikitoka nzima, wiki ijayo iko sokoni.

Kwa miaka mingi nilikuwa naosha na kupitisha kitambaa, lakini neno la mwisho lilikuwa la Baba. Kisha ukungu ukaingia machoni mwake. Hakuusema. Alianza tu kushika vitu zaidi kuliko kuvitazama, na mimi nikaanza kumwekea vyombo mahali pale pale kila siku.

Asubuhi moja alikuja mteja wetu wa zamani, msimamizi wa machimbo madogo ya mawe ya chokaa upande wa Kakontwe. Alikuwa na palan ndani ya kamyo, lori la machimbo. Moteri ya mashine yao ya kusagia mawe ilikuwa imekwama, walitaka kuiinua ili watu wawili waingie chini yake kusafisha shimo. Alitaka Baba aikague palan, ili yeye msimamizi aondoke nayo kabla ya saa sita.

Shene ilikuwa inang'aa. Wale watu, kwa heshima, walikuwa wameipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, pete kwa pete, kama mtu anavyomvisha mtoto nguo mpya kwenda kanisani. Ni kosa letu sote mji huu. Tunaona aibu kumpelekea fundi kitu kichafu.

"Muzee, ona vile tuliitengeneza," msimamizi alisema. "Ata kwenye harusi inaweza kuenda."

Baba aliketi, akaipitisha shene mikononi, pete moja baada ya nyingine. Rangi ilikuwa laini. Alifika mwisho akasema, "Iko muzuri."

Msimamizi akainama kuibeba. Nilikuwa nimesimama na kopo la petroli mkononi. Nilijua watu wawili wataingia chini ya ile moteri. Nilijua pia kwamba nikimpinga Baba mbele ya mteja, huenda asinipe tena shene mkononi, na bila hiyo sikuwa fundi, nilikuwa msichana wa kuosha tu.

"Papa," nilisema, "hatuyaiosha."

"Nilishaishika."

"Ulishika rangi, Papa."

Msimamizi alicheka. "Muzee, mutoto yako anakufundisha kazi?" Kisha akaona nimeshachovya brashi ya waya. "Ee, mama! Unaharibu rangi yangu! Vijana walipaka siku mbili!"

"Tutawapa pole," nilimwambia. "Ikae hapa."

Baba hakunizuia, na hakunisaidia. Nilisugua mpaka mikono ikawa myekundu kama nimechinja kuku. Kisha nikachukua kitambaa. Pete zilizo karibu na ndoano zilikiacha kipite. Nikaendelea. Katikati ya shene kitambaa kilisita, kikapita, na nyuma yake ukabaki uzi mweupe umesimama juu ya chuma. Nilirudia. Uzi wa pili ukabaki pale pale.

Sikumwita mteja. Nilipiga magoti mbele ya Baba, nikaichukua mikono yake na kuiweka juu ya ile pete.

Aliigusa kwa kucha. Kisha akauvuta ule uzi, akauzungusha kwenye kidole chake, akamgeukia msimamizi.

"Hii shene imeisha."

"Muzee! Weye mwenyewe ulisema iko muzuri!"

"Nilisema. Nilikosa. Huyu hakukosa." Akanisukumia mashine ya kukatia chuma kwa mguu. "Kata, fundi."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Hakulirudia neno, na mimi sikujifanya nimelizoea.

Msimamizi alijaribu mara ya mwisho. "Niachilieni basi kipande kirefu, nifunge mbwa wangu."

"Mbwa yako anavuta moteri?" Baba aliuliza.

Hata dereva wa kamyo alicheka. Nilikata vipande vitatu, cheche zikaruka hadi kwenye ndara za msimamizi, naye akaruka nazo. Siku hiyo hakuondoka na kitu.

Tulimtafutia shene nyingine nzima kutoka palan ya zamani ya Baba. Niliiosha, nikaipitishia kitambaa mara mbili, na kesho yake tukaenda wote watatu, mimi, Baba na msimamizi, machimboni. Vumbi la chokaa lilikuwa limewafanya wale watu wawili weupe mpaka kope. Walinitazama, wakamtazama Baba, wakasubiri yeye aseme. Baba aliketi juu ya jiwe mbali na shimo, akaelekeza kidevu kwangu.

"Mumuulize yeye."

Basi wakaniuliza. Niliwapanga nyuma ya mstari niliouchora kwa kisigino, nikashika shene nyembamba, nikavuta. Moteri ilitikisika, ikaachana na shimo. Wakataka kuingia hapo hapo. Nikawaambia bado, nikawaeleza kwamba ufa uliojificha hujionyesha pale mzigo unapoanza kuvuta, na tangu siku hiyo nawaeleza hivyo hivyo wote wanaokuja kujifunza kwangu. Nawe ukisimama mbele ya mzigo wowote uliofungwa kwa shene, uinue kimo cha kiganja tu, simama, hesabu polepole hadi kumi ukitazama kila pete, ndipo uendelee. Na hata ukiendelea, usiruhusu mtu kuingia chini mpaka umeweka magogo mawili imara ya kuushikilia.