Zamu ya Maji ya Salvina

Salvina alifiwa na mumewe Aloisi mwaka 1948, akabaki na binti mdogo, Dominika, na ng'ombe mmoja mwenye mimba. Shamba lao lilikuwa Kibosho ya chini kabisa, pale migomba inapoanza kudhoofu na upepo wa tambarare huleta vumbi. Bila mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani, hapo hapakuota hata majani ya kulisha mbuzi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, siku ya zamu yao ilifika na maji hayakuja. Wala wiki iliyofuata. Majani ya ng'ombe yalikauka yakiwa shambani. Salvina akawa anamkatia vigogo vya migomba na kumchotea maji bondeni, safari nne kwa siku. Ng'ombe akazaa ndama dhaifu, lakini maziwa hayakutoka. Siku ya tano ndama akafa.

Salvina alikwenda kwa Mzee Primus, msimamizi wa mfongo. Primus alimweleza, bila ukali, kwamba zamu ilikuwa ya marehemu. Mwenye maji ni yule anayetoka na jembe siku ya kusafisha mfereji, na mwanamke hagusi mfongo; ndivyo walivyokuta. Akamshauri amwuze ng'ombe kabla hajakonda zaidi.

Jumamosi ya kusafisha, wanaume wapata thelathini walikuwa mferejini Salvina alipotokea na jembe la Aloisi. Kazi ikasimama. Sirili, shemeji yake, akamfuata na kumwambia kwa sauti ya chini arudi nyumbani, asiwatie aibu. Akaushika mpini. Salvina hakuuachia.

"Shikamoo, Mzee Primus," alisema, akimtazama juu ya bega la Sirili. "Nipimie sehemu ya Aloisi."

Mtu mmoja alisema mfongo ukikauka watajua wa kumlaumu. Wakimvuta Salvina, nani angemtetea? Hatimaye Primus alichukua fito yake ya kupimia, akaenda hadi kwenye kona ya mwamba ambako udongo ulikuwa umeporomoka, akapima hatua kumi na mbili.

"Hapa, Mama Dominika. Usipomaliza leo, usirudi tena."

Sirili aliuachia mpini.

Salvina alichimba tangu asubuhi. Wanaume walimaliza sehemu zao wakakaa ukingoni. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyeondoka. Jua likikaribia kuzama, aling'oa jiwe la mwisho kwa mikono iliyochubuka. Primus akashuka, akapitisha fito mferejini hatua kwa hatua, kisha akaagiza maji yafunguliwe.

Alipewa zamu ya Alhamisi alasiri. Ilipita karibu mwaka na nusu kabla ya ng'ombe kuzaa tena, safari hii ndama mzima. Siku moja Sirili, ambaye hakuwa amekanyaga kwake tangu Jumamosi ile, alikuja kuomba maziwa. Mkewe alikuwa amejifungua. Salvina alimjazia kibuyu, lakini hakumkaribisha kuketi.