Mitupo Isiyohesabiwa

Nyinyi wajukuu zangu mlioko Same, mnaoniandikia kila wiki mkitaka niwatumie glovu na mipira ya besiboli, kaeni chini msome hadi mwisho. Sitatuma. Mmeona kwenye simu kipande cha dakika moja, ndugu yenu anamtoa mpigaji kwa mitupo mitatu na uwanja mzima unasimama, basi mnadhani mmeona kila kitu. Hamjaona kitu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne na mwandiko wangu mnaujua, lakini niliyoyaona kwa macho yangu hakuna wa kunisahihisha.

Jana asubuhi nilishuka kununua mchicha, nikakatisha kwenye uchochoro wa nyuma ya jengo letu hapa Xiaobei, mtaa wetu wa huku Uchina, nikakuta ukuta umebomolewa. Wamezungushia mabati ya bluu na ndani kuna mashine inachimba. Nilisimama na kifuko changu cha mchicha mpaka mtu wa mkokoteni akanipigia kengele nimpishe. Hasira zangu zote za mwaka huu zilinirudia palepale, ndiyo maana naandika.

Ukuta ule ndio uliomfundisha ndugu yenu kutupa. Nilikuja huku yeye akiwa na miaka minne. Mama yake, binti yangu, alinileta nimlee, maana mchana kutwa alikuwa kwenye soko la Zhanxi akiwatafutia wateja wa Dar na Arusha nguo na viatu, na baba mtu, ambaye ni mwenyeji wa hukuhuku, yuko Shiling kwenye karakana ya mikoba, anarudi Jumapili. Tulikaa ghorofa ya nane. Chini yetu mawakala wa mizigo walifunga marobota tangu kukicha, na mlio wa selotepu ikivutwa, krrr, krrr, ndio ulikuwa jogoo wetu. Mwezi wa tatu kuta za nyumba za hapa hutoka jasho, sakafu inalowa kama imemwagiwa maji. Nilipiga deki mara tatu kwa siku na bado ndala ziliteleza, na nguo hazikauki wiki nzima. Katika unyevu huohuo nachemsha maharage, nakaanga dagaa waliokuja kwenye mabegi ya wafanyabiashara, na mtoto yuko chini namsikia. Pa. Pa. Pa. Mpira ukutani.

Aliyemwanzisha ni jirani wa mlango wa pili, mzee wa Kichina aliyestaafu kiwandani. Watoto walimwita Shushu, yaani baba mdogo, nami nikamwita hivyohivyo ingawa tulilingana umri. Alichora mraba kwa chaki ukutani, akampa mtoto glovu kuukuu inayonuka mafuta. Hatukuwa na lugha moja. Mimi nampelekea chapati, yeye ananiletea uji wa mchele wenye mayai meusi, ambayo niliyamwaga miaka miwili kabla sijayaonja. Lakini kwenye jambo moja tulielewana bila kusema. Mtoto akishatupa kiasi, Shushu anaufuta mraba kwa kiganja chake. Mraba hakuna, mchezo hakuna. Alie, asilie.

Nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu nasi ndivyo tulivyolelewa. Nikiwa msichana mdogo niliamia ndege kwenye mpunga wetu kule bondeni. Kombeo na madongo ya udongo, tangu alfajiri, kwelea kwelea wanashuka kama wingu. Mnadhani mama yetu alitupumzisha tulipochoka? Alipita nyuma yetu akitugusa bega mmoja mmoja. Bega la moto linakwenda kukaa, linaingia la mwenzio. Hukuulizwa kama unaweza kuendelea, kwa sababu mtoto siku zote atasema anaweza.

Sasa nisikilizeni kuhusu hiyo kazi mnayoitamani. Kwenye besiboli ya kulipwa kuna mrushaji anayeanza mchezo. Huyo anatunzwa. Anatupa leo, anapumzika siku nne au tano, mitupo yake inaandikwa mmoja mmoja. Halafu kuna mrushaji wa akiba, anayekaa nyuma akisubiri mwenzake achoke au apigwe, ndipo aitwe kuja kuzima moto. Ndugu yenu aliposajiliwa na timu ya kulipwa akiwa na miaka kumi na nane, walimpa kazi hiyo. Tulifurahi. Nilichinja kuku wawili na Shushu akaja na nusu bata.

Hakuna aliyetuambia habari za banda. Pembeni ya uwanja kuna banda ambapo mrushaji wa akiba anapasha mkono. Mambo yakiharibika uwanjani, mwalimu anainua kidole, mtoto anasimama anatupa. Mambo yakitulia, anaambiwa kaa. Baadaye anainuliwa tena, anatupa, anaambiwa kaa. Anaweza kupasha mara tatu siku moja asiingie uwanjani kabisa, na kesho akaitwa tena, kwa sababu kwenye karatasi ya mwalimu jana hakutupa.

Mimi nilikuwa nakwenda kila mchezo wa hapa mjini. Nilikaa upande wa banda, siyo upande wa wapigaji mnakokutazama nyinyi. Nilijaza maharage mfuko wa kulia wa sweta, na kila akitupa nahamisha punje moja mfuko wa kushoto. Watu waliniona mwanamke mzima nacheza na maharage wakacheka. Wacheke. Siku moja karatasi yao iliandika mitupo kumi na moja. Mfuko wangu ulikuwa na themanini na nne.

Alianza kulala na mkono juu ya mto. Nilimwambia, "Mume wangu, lete bega." Nikaligusa. Lilikuwa la moto, na kiwiko zaidi. Nami badala ya kumkalisha, kama mama yangu angefanya, nilimkanda kwa dawa ya Kichina ya chupa, nikamfungia kitambaa, nikamwambia wahi mazoezini. Nilifanya hivyo wiki tatu. Hilo ni langu, silikwepi.

Mwishowe nilimwambia binti yangu twende kwa mwalimu wa timu, yeye anitafsirie. Tulimkuta ofisini anakunywa chai. Nikamwaga maharage yangu mezani, nikasema mtoto apewe siku nne kila wiki za kutogusa mpira kabisa, bandani wala uwanjani. Mwalimu aliyatazama maharage, akacheka, akamwambia binti yangu kwamba mitupo ya bandani haihesabiwi. Duniani kote haihesabiwi.

Hapo ndipo binti yangu alipofanya kosa ambalo mtu wa Zhanxi tu ndiye angelifanya. Mwanamke yule ameshinda miaka kumi na tano kwenye vibanda vya jumla. Akitaka kiatu kwa hamsini anaanza na thelathini, akisikia hapana anatabasamu, anamwita mwenye duka laoban, yaani bosi, anainuka kama anayeondoka. Basi akaanzia siku sita. Mwalimu akasema moja. Binti akashuka tano, akainuka, akakaa tena. Mimi nimekaa pale naona vidole vinaonyeshwa, cheko, chai inamiminwa, sijui wanasema nini. Wakapeana mikono.

Nje akaniambia, uso unang'aa, "Nimempata, Mama. Siku mbili. Alikuwa anatoa moja tu."

"Nilikwambia nne."

"Mama, huku huwezi kupata bei uliyotaja. Lazima uache kitu."

"Umeacha nini? Kiatu?"

"Usinisimange barabarani. Mbili si bora kuliko kukosa?"

Haikuwa bora. Kabla ya siku ile, mwalimu alimpumzisha mtoto alipojisikia, pengine mbili, pengine tatu, mara nyingine hata nne mvua ikinyesha. Baada ya mapatano, zile tano zilizobaki aliziona ni zake, amezinunua mbele ya mama mzazi. Akazitumia zote. Mvua ikinyesha, mtoto anapasha chini ya paa. Na nilipokwenda peke yangu na maharage yangu, mwalimu alininyooshea vidole viwili na kunionyesha mkono aliompa binti yangu walipokubaliana.

Sasa kile kipande cha dakika moja mnachokipenda. Ilikuwa mchana, jua kali, na ndiyo, alimtoa yule mpigaji kwa mitupo mitatu. Nilikuwepo. Alishainuliwa bandani mara tatu kabla ya kuingia, mfuko wangu wa kulia ulikuwa karibu mtupu. Aliyepiga picha alikatiza pale watu waliposimama. Mngesubiri mpigaji aliyefuata mngeona mtupo wa pili unakwenda kuanguka njiani kama ndege aliyepigwa dongo, na ndugu yenu anatembea kutoka uwanjani ameshika kiwiko kwa mkono wa kushoto, hakimbii, halii, anamtafuta bibi yake kwa macho. Kano la kiwiko limechanika. Daktari alilishona akasema mwaka mzima bila kutupa, na pengine zaidi. Ana miaka kumi na tisa.

Zamani alikuwa akipanda ngazi mbili mbili, namsikia tangu ghorofa ya tano, anaingia anadaka chapati ya moto moja kwa moja kutoka kikaangoni na kuirusharusha mkono hadi mkono akicheka. Sasa anakata chapati kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mgeni. Mawakala wa chini wamehama, selotepu haisikiki. Shushu amechukuliwa na mwanawe kwenda mbali nje ya mji. Kabla hajaondoka nilimpelekea habari ya kiwiko, kwa mkono na kwa kuonyesha, naye akapitisha kiganja hewani kama anayefuta chaki. Mzee yule angefuta mraba tangu mwezi wa kwanza.

Na mnadhani wameona haya? Juzi, miezi mitano tu baada ya kushonwa, tumekaa mezani tunakula, mwalimu akapiga simu. Binti yangu akapokea, sauti ya mwalimu inasikika hadi kwetu. Mtoto ananong'ona kunitafsiria: mwalimu anataka aje atupe kidogo tu, bandani, mbali na watu, haihesabiwi. Nikasubiri nisikie mwanangu atasema nini. Nikamsikia sauti inalainika, "Laoban," na kidole chake kinachora tarakimu mezani, hajui hata kama kinachora. Nikamuuliza mtoto mama yako anasema nini. Akainamisha kichwa.

"Anauliza mitupo mingapi, Bibi. Amesema ishirini ni mingi."

Niliikamata ile simu nikaizima. Binti yangu akasema nimemwaibisha mbele ya mwalimu. Mtoto naye, huyuhuyu ninayempigania, akanigeukia.

"Bibi, nisipokwenda watamchukua mwingine."

"Wamchukue. Na bibi yake aje na maharage."

"Ni kazi yangu."

"Ni mkono wako. Kazi utapata nyingine. Huo wanakushonea mara ngapi?"

Mama yake akaanza kulia, nami sikumbembeleza, maana mimi pia nilimkanda nikamrudisha kule na sikubembelezwa na mtu. Nilimwambia ampigie mumewe Shiling, aweke sauti tusikie wote, kisha nikawaambia watatu hao kwa pamoja. Kuanzia leo hakuna mtu wa nyumba hii atakayetaja namba mbele ya mwalimu. Siyo siku, siyo mitupo, siyo hata mmoja. Akipiga, semeni hapana, kateni simu, mrudi mezani mle.