Diwani Anayeonekana Wakati wa Mvua

Leseni ya karakana yake ya kuchapa ilitolewa tarehe 3 Februari 1994, na tangu hapo mtaa mzima humwita Mama Wino. Huchapa kwa wavu wa kitambaa uliobanwa kwenye fremu, rangi moja baada ya nyingine, nyepesi kwanza. Wagombea wa vyama vyote ni wateja wake. Kampeni zikiisha huchapa mabango yake mwenyewe na kuyabandika kwenye ukuta wa soko: daraja lisilofika ng'ambo, zahanati yenye kufuli. Sura ya mtu hachori kamwe.

"Nasema jambo, simsemi mtu," huwaambia wanaomchokoza.

Mwaka huu alichapa bomba kavu na foleni ya ndoo. Karatasi ikapungua, akatumia migongo ya mabango ya uchaguzi yaliyobaki, yenye sura ya diwani, ambaye ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Yakiwa makavu hayakuonyesha kitu. Mvua ya kwanza ilipoyalowesha, diwani akajitokeza nyuma ya ndoo, anatabasamu. Jua lilipowaka akatoweka.

"Afadhali huyu wa ukutani," muuza viazi alisema. "Anakuja na maji."

Utani ukaenea. Mdogo wake Mama Wino akaingia karakanani amenuna.

"Dada, mume wangu umemwanika sokoni."

"Sikukusudia. Karatasi ni nyepesi, sikuipima kwa maji."

"Nani atakuamini? Mwanangu kaulizwa shuleni kama baba yake hana mwavuli."

Mama Wino aliuma mdomo asicheke. "Nitayabandua. Hilo la sura ni kosa langu."

"Na ndoo?"

"Ndoo nitazichapa upya."

"Basi mguu wangu hapa hutauona tena."

"Kwako maji yanatoka?"

Mdogo wake alivuta kopo tupu la rangi, akalikalia. "Tangu Ijumaa, hata tone."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema aulizwe mkuu wa idara ya maji." Akatazama mlangoni. "Usimwambie nimekwambia."

Kesho asubuhi mabango ya zamani yatabanduliwa, na mapya, kwenye karatasi nyeupe pande zote mbili, yatabandikwa palepale. Diwani ameshapeleka kazi zake za kampeni kwa mchapaji mwingine. Mkewe atakuja kumwona dada yake Jumapili, kwa mlango wa nyuma.