Nafasi Niliyoificha Ikanipotea

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nimekaa kwenye kibanda cha intaneti pale Mtoni, jasho linanitiririka, mkoba nimeusimamisha kando ya kompyuta ili jirani yangu asione ninachosoma. Jina langu lilikuwepo. Rukia, amechaguliwa, udaktari bingwa wa watoto, awamu ya kwanza. Chuo kilikuwa na nafasi sita tu za fani hiyo, na moja ilikuwa yangu! Miaka miwili mfululizo kabla ya hapo nilishaomba nikakosa. Mtu mwingine angepiga kelele, angemkumbatia hata mwenye kibanda. Mie nikafunga ukurasa, nikalipa, nikatoka nimenuna makusudi ili mtu asinishuku.

Unacheka? Cheka tu. Jana nilipita wodini nikakuona ulivyoilaza simu yako kifudifudi haraka haraka. Umechelewa, nilishauona ukurasa wenyewe, macho yangu bado mazima. Unaomba ubingwa na hutaki mtu ajue. Ndiyo maana leo nimekuita tunywe chai, nikusimulie ujinga wangu mwenyewe, usije ukaununua tena kwa bei ile ile.

Sie kwetu ni Chang'ombe, baba alikuwa na duka la vitambaa. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa udi na kisomo, na dawa yake ya kila jambo ilikuwa moja: funga mdomo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwaga anasema, "na husda haina hodi." Baba aliponunua gari, mama alilifunika turubai wiki mbili nzima, majirani wakadhani tumeweka mzigo wa saruji. Simlaumu, Mungu amrehemu. Mji huu wote umelelewa hivyo, Waislamu kwa Wakristo, mambo yetu kimya kimya mpaka yatimie.

Sasa sikia nilivyofanya. Miezi kadhaa kabla ya Jumanne ile, Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, ndiye bosi wetu, aliuliza kwenye kikao cha asubuhi: "Nani ana nia ya kwenda kusoma mwaka huu? Nipeni majina niyaingize kwenye mpango wa mafunzo." Daktari mwenzangu Neema, mtu wa Moshi, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, akanyoosha mkono. "Mimi, upasuaji!" Nikasema moyoni, maskini, huyu anajianika. Akanigeukia. "Na wewe Rukia? Watoto wanakupenda, si ukasome?" Nikamjibu, "Nani, mie? Shule na mie basi tena." Na wiki ile ile nilikuwa nimeshatuma maombi. Nilimdanganya machoni mtu aliyenitakia heri, tena nikajiona mjanja.

Turudi kwenye Jumanne yangu. Chini ya majina kulikuwa na maelezo ambayo kwa furaha sikuyasoma: aliyechaguliwa athibitishe ndani ya siku kumi, na aambatanishe barua ya ruhusa ya mwajiri. Nilikuja kuyaona siku ya tatu. Siku ya nne na ya tano nikawa nazungukazunguka nikitafuta namna ya kupata barua bila kusema ni ya nini. Daktari mzima! Siku ya sita nikajikaza, nikaingia ofisini kwa Mganga Mfawidhi. Akafungua faili, akapitisha kidole juu mpaka chini.

"Jina lako halipo, Rukia. Siwezi kumpa ruhusa mtu asiyekuwemo kwenye mpango mpaka kamati ya mafunzo ikae, na inakaa mwisho wa mwezi. Niliuliza kikaoni. Mbona hukusema?"

 Nimwambie kwamba nilikuwa namwogopa yeye na jicho lake? Nikaaga.

Siku ya kumi na moja nikafungua ule ukurasa. "Hukuthibitisha. Nafasi imerejeshwa." Basi. Miaka mitatu ya kuomba imeishia kwenye maneno matatu. Nikakimbilia masjala, kile chumba cha barua na mafaili, kwa sababu huko watu hawaendi, nikalia mpaka kwikwi.

Karani wa masjala alikuwa Mzee Kalinga, Mhehe wa Iringa, aliyekuwa akivaa sweta hata kwenye joto hili la Dar. Akanikuta.

"Daktari, umefiwa?"

"Hapana mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mafaili yangu unayalowanisha ya nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia mwanzo. Nilitegemea anibembeleze, maana alikuwa ananiita mjukuu. Akavua miwani, akaifuta taratibu kwenye sweta.

"Mgonjwa akija kwako, ukamuuliza anaumwa nini, akakwambia haumwi, kumbe anaumwa. Unamfanyaje?"

"Namgombeza."

"Basi kaa hapo ugombezwe."

Lahaula! Alinigombeza, mwanangu, sijapata kugombezwa vile hata na mama. "Mficha uchi hazai. Methali yenu hiyo watu wa pwani, mie nimeikuta huku huku. Umewafanya watu wote hapa wachawi, hata wale wanaokushikia zamu mama yako akiugua. Barua zote za ruhusa zinapita mikononi mwangu. Waliosema, wamekwenda wamesoma. Waliobana midomo wanakuja kulia humu humu, wala si wewe wa kwanza. Kaandike barua kwa kamati, sasa hivi, niipokee kwa mhuri. Ukimaliza, kamwambie Neema."

"Neema! Si atatangaza hospitali nzima?"

"Ndicho ninachokutuma."

Nilimkuta Neema kantini, ana chapati mkononi, yeye keshathibitisha nafasi yake ya upasuaji. Nikamnong'oneza. Yeye hakunong'ona. "Rukia! Una wazimu wewe?" Kantini nzima ikageuka, nikatamani ardhi inimeze. Lakini alichosema baada ya hapo ndicho kilichonirudishia roho. Nafasi zinazorejeshwa, akasema, hazifi, zinatangazwa tena awamu ya pili. Kamati yetu inakaa Alhamisi ijayo, na dirisha linafunguliwa Jumatatu inayofuata, kwa siku tatu tu. Kila anayeomba alilijua hilo isipokuwa mie, kwa kuwa sikuwa nimemuuliza hata mtu mmoja. Ukificha unachokitafuta, nani atakuonyesha kilipo?

Ikabaki ishu moja, na si ndogo. Wodi ya watoto tulikuwa madaktari wawili. Mmoja akiondoka, nani atashika zamu zake mpaka aletwe mwingine? Kamati ingenikatalia hapo hapo, na ingekuwa na haki. Neema akachukua karatasi, akaandika juu "Zamu za Rukia", akaondoka nayo bila kuniomba ruhusa.

Jumatano jioni alinirudishia. Ilikuwa imejaa majina mpaka pembeni. Na wa kwanza kabisa, unajua nani? Hamisi. Daktari Hamisi, aliyekuwa ananitania kila nikikosea, ambaye nilikuwa napindua hata daftari langu akipita. Mbele ya jina lake alikuwa ameandika: "Jumamosi zote." Jumamosi, na yeye shabiki wa mpira asiyekosa mechi! Nililia tena, mwanangu, lakini safari hii mbele za watu, na nilikuwa na aibu kweli kweli. Watu niliowaogopa mwaka mzima ndio walionibeba.

Kamati ikaiona karatasi ile, ikakubali. Mzee Kalinga akaniletea barua mkononi mwenyewe, na wino wa mhuri haujakauka. Jumatatu dirisha lilipofunguliwa tu, mie nimeshaingia.

Siku za kusubiri nilikoma. Kila nikikatiza ukumbi: "Vipi Rukia, yametoka?" Mpaka mlinzi wa getini! Mwanzoni kila swali lilinichoma kama sindano. Baadaye nikaona kwamba wanaouliza hawalali vizuri kama mie nisivyolala, na mzigo ukawa mwepesi kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne, chai imemiminwa. Neema akaingia mbio: "Yametoka!" Tabia ni ngozi, usifanye mchezo. Nikanyanyuka na simu yangu kwenda kujifungia chooni nisome peke yangu. Mlangoni nikakutana na sweta.

"Unakwenda wapi, Daktari?"

Nikarudi. Nikampa Neema simu. "Soma wewe. Kwa sauti." Nilijua kabisa kwamba jina lisipokuwepo nitaaibika mbele ya hospitali nzima, na bado nikampa. Akaanza kusoma la kwanza, la pili. Hata mpishi kaacha mwiko. La tatu, akaishusha simu. Akaniangalia. Halafu akapaza ile sauti yake ya Moshi: "Rukiaaa! Udaktari bingwa wa watoto!"

Weee! Manesi walipiga vigelegele, mmoja akatwaa sinia akaligeuza ngoma. Hamisi alipiga meza vikombe vikaruka. Mganga Mfawidhi akatoka ofisini mbio akidhani moto umewaka, alipoambiwa akacheka mpaka akashika mlango. Na Mzee Kalinga, sikufichi, alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Nikampigia mama. Akauliza kwanza, kwa sauti ya chini, "Kuna mtu anasikia?" Nikamwambia, "Wote, mama, wote wanasikia!" Akapiga kigelegele simuni. Kufika magharibi Chang'ombe nzima ina habari, na aliyeitangaza ni mama mwenyewe.

Basi mwanangu, nikuusie. Sisemi husda haipo. Ipo, na dua isomwe. Ila husda haikuninyima nafasi ile, nilijinyima mwenyewe. Kabla hujaomba, mwambie mwajiri wako, jina liingie kwenye mpango, maana chuo kinaweza kukuchagua na bado ukakwama kwa barua moja. Ukichaguliwa, furahi, lakini soma maelezo mpaka mstari wa mwisho siku hiyo hiyo. Ukikosa awamu ya kwanza, lia kidogo, kisha uliza ya pili lini. Na muulize aliyekutangulia, hata kama mdomo wake ni mpana. Kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse kuupata ubingwa.

Kesho asubuhi kuna kikao. Nitauliza nani ana nia ya kusoma mwaka huu, maana siku hizi anayeuliza ni mie. Nataka nione mkono wako juu. Mwenyezi Mungu aliweke jina lako kwenye orodha, na akujaalie watu wa kulisoma kwa sauti.