Kiungo Kilichofungwa kwa Tyubu

Redio ya boti ile ilikuwa na maudhi. Sauti ikiwa chini inaimba vizuri, ukiipandisha kidogo tu inazima. Mafundi wawili walishatolewa jasho nayo. Mmoja kabadilisha spika, mwingine kaleta redio mpya kabisa, na ugonjwa uko palepale.

Ndipo akaitwa Fundi Pole, jina alilobandikwa kwa mwendo wake wa kazi. Mwenye boti, ambaye aliinunua mtumba, alikuwa na boti nyingine mpya inayosubiri kufungwa umeme wote, kuanzia taa hadi pampu. Atakayeitibu redio ndiye angekabidhiwa. Fundi Pole aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukamruka, maana mwaka mzima alikuwa akiokoteza vibarua vya kubadilisha soketi.

Akaweka mita kwenye betri: volti kumi na mbili. Akapandisha sauti, akapima nyuma ya redio: tisa. Umeme ulikuwa unapotelea njiani. Akaingia chini ya viti kwa tumbo, akaufuata waya kwa vidole, na karibu na sakafu, maji ya bahari yanapotuama, akakuta kiungo.

Kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kukazwa kwa fundo la kushoto. Akaitambua kazi ile. Ndivyo marehemu baba yake alivyomfundisha yeye na mdogo wake, na kwenye nyumba tyubu hudumu miaka. Ndani ya boti hunasa maji ya chumvi na kuyatunza. Yeye aliacha mtindo huo siku alipoanza kazi za boti. Mdogo wake, mwenye kichwa kigumu, hakuacha.

Akalifungua fundo. Shaba ndani ilikuwa kijani tupu, imebaki unga. Alimkumbuka mdogo wake na watoto anaowalea, akaona akimtaja tu, yule hatapewa kazi ya boti tena hapa. Akakata kile kipande, akakisukumia mfukoni, akaunganisha waya upya. Redio ikanguruma, viti vikatetemeka.

"Kumbe ilikuwa nini?" mwenye boti akauliza.

"Chumvi tu, bosi. Imekula waya."

"Na mfukoni umeweka nini?"

Fundi Pole akaingiza mkono mfukoni. Akakitoa.

"Mdogo wako alipita hapa jana," mwenye boti akasema. "Kaniambia nitakuta tyubu, ni kazi yako ya zamani, na kwamba utaificha. Mimi nilimwona mwongo."

"Bosi, hiyo ni kazi yake! Mimi nilikuwa namsitiri!"

Hata yeye alijisikia anavyosema kama mwizi aliyekamatwa. Mwenye boti akatikisa kichwa, akamwambia akusanye vyombo vyake. Boti mpya angepewa mdogo wake, aliyesema kweli.

Alifika barabarani, akampigia simu mdogo wake.

"Umenichongea kwa nini? Mimi nilikuwa nakuficha wewe!"

"Najua, kaka," mdogo wake akajibu, bila hata kujikanyaga. "Ningekuwa sijui utanificha, ningethubutu kwenda kusema?"

Fundi Pole alikata simu. Alimchukia mdogo wake kwa roho yake yote, na alijua kesho, akiulizwa tena, angemsitiri vilevile.