Kola ya Marcellin

Mimi na Eulalie tunashona chumba kimoja huku mtaani Kadutu, na nasema mbele ya Mungu: ile mashine ilinikosesha raha. Marcellin, bwana ya Eulalie, aliituma kutoka Kamituga anakochimba dhahabu, mashine kubwa ya kushona, ya moteri ya umeme, zile za viwandani. Ikapanda lori, ikafika. Yeye mwenyewe hakupanda. Watu wakampongeza Eulalie. Mimi nikauliza, je, mashine itakula naye mezani?

Zamani walikuwa na mashine ya miguu. Ikifika kwenye ncha ya kola, pale kitambaa kinapokuwa kizito, Marcellin aliketi kando na kuzungusha gurudumu kwa mkono, shono moja moja, maana mikono yote ya Eulalie ilishika kitambaa. "Pole pole, maman," alimwambia mke wake. Haraka haraka haina baraka, lakini moteri haijasikia hiyo. Ukiigusa tu kwa mguu, tayari imekimbia.

Sasa binti yao Adélaïde alikuwa anaolewa Jumamosi. Jamaa yote tulishona liputa moja, kitenge cha sare, na kipande cha mwisho kiliwekwa kwa shati ya baba. Sokoni hakikupatikana tena. Eulalie akakanyaga, mashine ikapita kona ya kola, sindano ikachana kitambaa. Kikabaki cha kola moja tu.

Nikakasirika. "Acha bwana! Muvalishe shemeji yako Gaston koti, asimame pahali pa baba, mambo iishe. Huyu bwana yako hata hajasema kama atakuja."

"Gaston si baba ya mutoto," akanijibu. "Nina hamu na bwana yangu, dada. Acha nishone."

Tukamuita papa Alphonse, fundi wa mashine. Akatoa gurudumu la moteri, akatia dogo kuliko lile, akafunga na mukanda mufupi. "Sasa hata ukikanyaga na hasira yote ya huyu jirani yako, itaenda pole pole," akasema, akinitazama. Muone huyu! Lakini nilicheka.

Eulalie akakanyaga. Mashine ikaenda taratibu, ikafika kwenye ncha, ikageuka bila kuchana. Kola ikatoka safi. Nikafikiri atafurahi. Akainamisha kichwa juu ya kitambaa, akalia.

"Iko sawasawa na wakati ule," akasema. "Yeye tu ndiye hayuko."

Ijumaa simu ikalia. Mvua imekata barabara, lori limezama kwenye matope, Marcellin hatafika. Sauti yake ilitoka wazi, hata mimi nilisikia.

"Shati imeisha kushonwa?" akauliza.

Shati ilikuwa ukutani, imepigwa pasi, kola na vifungo vyote. Nilitaka kumunyang'anya simu nimutukane huyo mwanaume.

"Bado," Eulalie akasema. "Imebaki kola. Nangoja uje uzungushe gurudumu."